Mashine ipi ya kung'arisha rangi ya gari inamfaa anayeanza, hapa Goma?

MwanaHimbi

Wakubwa na ndugu zangu, nawasalimu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa. Nina RAV4 nyeusi ya mwaka 2007 ambayo naiosha na kuitunza mwenyewe nyumbani, bila nia yoyote ya kuigeuza kazi hiyo kuwa biashara. Likiwa kivulini gari linapendeza, lakini likitolewa juani, boneti na milango hujaa michirizi myembamba isiyohesabika ambayo huonekana kuuzunguka mwanga popote unapoangukia. Nimepaka nta kwa mkono, nayo michirizi hufichika kwa muda kisha hurudi mvua zikishanyesha, kwa hiyo nimeelewa kwamba nta peke yake haitoshi na kwamba vanishi yenyewe, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, inahitaji kusuguliwa kwa mashine.

Mbele yangu kuna njia tatu. Huko mtaa wa Birere, hapa mjini, nimeona mashine ya mzunguko mmoja ya wati 1200, ambayo muuzaji anasema inafanya kila kitu, na bei yake si kubwa. Njia ya pili ni kuagiza kutoka Dubai mashine ya mizunguko miwili yenye mzingo wa mm 15 (upana wa duara ambalo sahani huyumba ndani yake), ambayo itanigharimu karibu mara mbili. Ya tatu ni binamu yangu aliyeko Marekani, aliye tayari kunitumia bila malipo Porter-Cable 7424XP yake ya zamani, nayo ni ya mizunguko miwili. Niongeze kwamba umeme wa mtaani kwetu hushuka nguvu jioni, na kwamba sijawahi kushika mashine ya aina hii. Ningechagua ipi, na kwa sababu gani?

Papa Keshero

Ndugu MwanaHimbi, karibu. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika mashine hizi, na mwenye gari jeusi, jibu langu ni mashine ya mizunguko miwili, na nitaeleza sababu yake ili usinunue kwa kuniamini tu.

Katika mashine ya mzunguko mmoja, sahani inayoshika sponji huzunguka juu ya mhimili usiohama. Nguvu yote ya mota hufika kwenye rangi, joto hujikusanya mahali pamoja, na kila chembe ya dawa ya kusugulia hupita njia ileile mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo maana hufuta mikwaruzo haraka, na ndiyo maana pia, katika mkono usiozoea, huacha mawimbi ya mwanga yanayocheza juani ambayo juu ya rangi nyeusi ni mabaya kuliko michirizi uliyoanza nayo. Katika mashine ya mizunguko miwili, mhimili wa sahani umewekwa kando kidogo ya mhimili wa mota. Sahani huyumba kwa mzingo uliopangwa kiwandani na wakati huohuo hujizungukia yenyewe bila kulazimishwa na kitu, hivyo chembe hazirudii njia moja. Ukikandamiza kupita kiasi, au ukiilaza upande mmoja, sahani huacha kujizungukia na kubaki ikitetemeka tu. Wengi huona huo ni udhaifu wa mashine, ilhali kwa anayeanza ndiyo kinga yake kubwa.

Kinga hiyo inahitajika kwa sababu unachosugua ni chembamba mno. Vanishi ya magari mengi kutoka kiwandani ina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Ndani ya unene huo ndimo zilimo kemikali zinazoizuia miale ya jua isiharibu rangi ya chini, na sisi tunaishi kwenye mwinuko wa mita 1500 hivi, ambako jua halina huruma hata siku za baridi. Kila unaposugua unapunguza akiba ambayo hairudi.

Kuhusu ukubwa wa mzingo: mm 15 hufunika eneo kubwa kwa haraka na kuacha uso laini kwenye boneti, paa na milango, lakini kwenye sehemu zilizopinda, kama vile juu ya magurudumu, sahani husimama upesi. Mzingo wa mm 8, kama wa Porter-Cable ya binamu yako, huenda polepole zaidi na hutetemesha mkono, ila hupita vizuri kwenye mikunjo. Zipo pia mashine za mizunguko miwili zinazoendeshwa kwa gia, kama Flex XC 3401 VRG, ambazo haziachi kujizungukia hata ukizikandamiza. Ni mashine nzuri sana, lakini ni nzito na zinachosha, na sioni kwa nini mtu wa Jumapili aanze nazo.

Utakaponunua ya mm 15, chukua ile yenye sahani ya mm 125, wala usikubali kuuziwa sahani pana zaidi kwa madai kwamba itamaliza kazi haraka. Uzito unaosawazisha mtikisiko ndani ya mashine umepimwa kulingana na sahani yake. Ukiibadilisha ovyo, mtetemo huongezeka na beringi huisha mapema.

Fundi wa Katindo

Mzee Papa Keshero amesema kweli, nami simpingi kuhusu anayeanza. Hata hivyo nisingependa mashine ya mzunguko mmoja ionekane kuwa kitu cha hatari kisicho na kazi, kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi mwangu kila siku. Natumia Makita 9237C, ambayo huanzia mizunguko 600 na kufika 3000 hivi kwa dakika, na hakuna mashine nyingine inayonifutia alama za msasa baada ya kupiga rangi kwa muda mfupi kama huo. Muuzaji wa Birere hakudanganya aliposema inafanya kila kitu. Alichoacha ni kusema inafanywa na mkono wa nani. Jambo moja tu naomba ndugu yetu aepuke kabisa, nalo ni zile sufu za kung'arishia zinazouzwa ili zifungwe kwenye mashine ya kukatia vyuma. Mashine hiyo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na kwa kasi hiyo vanishi ya kwenye pembe ya mlango huungua kabla hujapata nafasi ya kuinyanyua.

Jambo ambalo mimi ningelianza nalo, kabla ya mashine, ni kujua umesimama juu ya rangi gani. Magari mengi yanayofika hapa yamekwisha kupita kwa wanyoosha bodi na wapiga rangi, huko yalikotoka au hapahapa mjini, na chini ya rangi inayong'aa unaweza kukuta mastiki (ile ya kuziba mabonde ya bodi) ya unene wa kidole na vanishi iliyopigwa tabaka moja hafifu. Kipimo cha unene wa rangi husaidia, mradi ujue kwamba vile vya sumaku vinasoma juu ya chuma tu, na kwamba juu ya bampa za plastiki vipimo vya kawaida havisomi kitu. Kama huna kipimo, linganisha paneli moja na nyingine kwa jicho: angalia kama chembechembe za rangi zinafanana, na kama kingo za mpira wa madirisha zina rangi iliyomwagikia. Halafu chukua kitambaa cheupe na dawa kidogo, usugue kwa mkono mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na weusi, gari halina vanishi pale. Unasugua rangi yenyewe. Katika baadhi ya Toyota nyeupe kukosa vanishi ni jambo la kawaida kabisa hata zikiwa na rangi ya kiwandani.

Halafu kuna vumbi letu. Michirizi unayoiona haikuzaliwa na gari. Sehemu kubwa ya mji huu imejengwa juu ya lava, barabara nyingi za ndani zimetandazwa mawe yake yaliyosagika, na lava ya Januari 2002 ilipita katikati kabisa ya mji. Chembe zake ni ngumu na zina makali, na anayepangusa gari kavu kwa kitambaa asubuhi anaichora vanishi kwa mkono wake mwenyewe. Mimina maji mengi kwanza ili vumbi lidondoke bila kuguswa, tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu, na ukaushe kwa taulo ya mikrofiba bila kukandamiza. Usipobadilisha uoshaji, mashine yoyote utakayonunua itakuwa ya kupunguza vanishi kila baada ya miezi michache. Nayo mvua inayoshuka ikiwa imechanganyika na gesi ya salfa ya volkano ya Nyiragongo huacha alama za matone zilizochimba ndani. Zile za kina usizifukuze hadi mwisho, kwa maana utafika kwenye rangi kabla hazijaisha.

Yaya wa Umeme

Mdogo wangu, mimi nitajibu kuhusu umeme tu, maana mengine yamepata wenyewe.

Porter-Cable hiyo ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 220 za hapa kwetu, itaungua papo hapo. Inavuta ampea 4.5, yaani wati 540 hivi, kwa hiyo utahitaji transfoma ya kushusha volti isiyo chini ya wati 1000, ambayo ni nzito na itabidi iburutwe pamoja nawe kuzunguka gari. Tofauti ya hezi 60 na 50 haina madhara makubwa kwa mota za brashi kama hiyo. Ukishalipia transfoma na usafirishaji, zawadi ya binamu haitakuwa ya bure tena.

Kuhusu umeme unaoshuka jioni, ushauri wangu ni kufanya kazi asubuhi, kivulini. Mashine zenye kidhibiti cha kielektroniki cha kushikilia kasi hujitahidi kulinda kasi hiyo hata volti zikipungua, na hapo mota hupata joto zaidi ya kawaida. Angalia pia waya wako wa kurefushia, kwa sababu wengi hulaumu mtaa mzima kumbe tatizo ni waya mwembamba uliosokotwa kwenye kibao chake. Kwa mita 20 hivi tumia waya wa mm² 1.5, na ukiwa mrefu zaidi tumia wa 2.5, tena uukunjue wote. Jenereta ndogo ya kVA 2 inatosha kwa mashine ya mizunguko miwili. Kama nyumbani unatumia betri na inveta, hakikisha inveta hiyo inatoa wimbi safi la umeme, kama lile la waya za mtaani, kwa sababu zile za bei ndogo huvivuruga vidhibiti vya kasi.

Mashine za betri zipo, lakini piga hesabu: betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90 tu. Kwa kazi nzito itakubidi uwe na kadhaa, na mahali pa kuzichaji.

MwanaHimbi

Nawashukuru wote kwa heshima. Yaya amenifungulia macho kuhusu ile ya Marekani, na sasa nimeamua kuagiza ya mm 15 yenye sahani ya mm 125. Nimejaribu kitambaa cheupe nyuma ya mlango wa mwisho, na hakikutoka na weusi. Yamebaki maswali mawili: nitahitaji sponji ngapi, na nifanye nini kwenye sehemu nyembamba kama pembeni mwa vioo na chini ya vishikio vya milango, ambako sahani haitaingia?

Papa Keshero

Sehemu hizo nyembamba zifanye kwa mkono, kwa kipande kidogo cha sponji na dawa ileile. Haitakuwa kamilifu, na hakuna atakayeinama kuipima. Mashine ndogo ya sahani ya mm 75 itakuja baadaye, kama bado utakuwa na hamu.

Sponji zisipungue sita: tatu za ugumu wa kati na tatu laini, zenye upana wa mm 140 hadi 150 ili zizidi ukingo wa sahani. Sponji iliyojaa dawa na vumbi la vanishi hupata joto, huacha kukata, na velkro yake huachia. Ibrashie kila umalizapo kipande na uibadilishe mara kwa mara. Chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sahani. Ukiuona unazunguka, kazi inafanyika, na ukiuona umesimama, punguza mkono wako au nyoosha mashine.

Fundi wa Katindo

Naongezea machache. Usianze na boneti. Chagua mraba wa sentimita 50 chini ya mlango wa nyuma, uzibe kingo kwa utepe wa karatasi, kisha ujaribu sponji laini na dawa laini kwanza, kwa kasi ya 4 au 5 kwenye kidhibiti cha mashine, ukiusogeza mkono polepole na kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Mipito minne hadi sita inatosha. Rangi za Toyota nyingi nilizozishika ni laini, hivyo huenda hutahitaji zaidi ya hapo.

Kabla hujafurahia matokeo, pangusa mraba huo kwa pombe ya isopropili iliyozimuliwa na maji, kisha uumulike kwa tochi. Dawa nyingi zina mafuta yanayojaza michirizi badala ya kuifuta. Ikijitokeza tena baada ya pombe, panda hadi kwenye sponji ya kati kwa dawa ileile, na dawa kali zaidi iwe ya mwisho kufikiriwa.