Navuta sigara na tunatafuta mtoto, asali itanikinga?

Kijana wa Shangani: Habari zenu wakuu. Nipo Mtwara mjini, nimeoa, mtoto bado na mwaka wa pili unakatika. Mke wangu kapimwa, yuko sawa. Mimi ni mvutaji wa sigara. Mzee mmoja muuza asali ananihakikishia kijiko asubuhi na jioni kinaondoa sumu yote ya moshi, mbegu zinabaki salama. Kuna ukweli? Jambo hili linaninyima usingizi.

Dada Maabara: Pole kaka. Neno la mzee lina chanzo, ila kalivuta mbali mno. Watafiti wa Malaysia waliwaweka panya dume kwenye moshi wa sigara, wengine wakawapa na asali ya tualang, ya nyuki wa misitu ya huko. Moshi uliharibu korodani. Kwa waliolishwa asali madhara yalipungua. Moshi huleta kemikali zinazoshambulia utando wa mbegu na vinasaba vyake, na asali ina viambata vya kuzipunguza makali. Lakini wale ni panya! Na wewe mwenyewe umepima? Ulizia kipimo cha shahawa hospitali ya Ligula au ile ya kanda, Mitengo. Kabla ya hapo kaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa. Mbegu chini ya milioni 16 kwa mililita ya shahawa huhesabiwa chache.

Mrina wa Liwale: Asali ndiyo kazi yangu na naiuza kwa fahari, ila simwambii mteja aendelee kuvuta. Kula kama chakula. Mwenye kisukari aangalie, sehemu kubwa ya asali ni sukari, hata ya nyuki wadogo.

Babu Kijiweni: Mdogo wangu, acha sigara. Mbegu mpya huchukua kama miezi miwili na nusu hadi mitatu kukamilika, kwa hiyo ukiacha leo usipime wiki ijayo ukakata tamaa. Mimi niliwaambia wenzangu kijiweni wasinipe hata pafu moja, wakaniheshimu. Na shemeji anavuta moshi wako humo ndani, mhurumie. Halafu, unapulizia dawa mikorosho?

Kijana wa Shangani: Ahsanteni sana. Bado sijapima, nitakwenda. Kupulizia, ndiyo, kila msimu, kitambaa tu usoni.

Dada Maabara: Hilo mweleze daktari, na umtajie jina la dawa. Baadhi ya viuatilifu navyo hudhuru mbegu.