Nyumba ya Mji Mkongwe: boriti zimeoza na lipu inamomonyoka, nini kinaruhusiwa?

MpangajiWaDarini:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nyumba ni ya ghorofa mbili, Mji Mkongwe, Zanzibar, kuta za mawe na chokaa. Chumba kimoja cha juu boriti nne zimeoza ncha upande wa ukuta wa nje. Chini, lipu imevimba na kumomonyoka hadi kimo cha kiuno. Fundi anashauri tutoe boriti zote tumwage zege la nondo, tupige lipu ya saruji, na madirisha tutie ya alumini. Nyumba ni ya wakfu, sisi wapangaji. Kibali kinaombwaje, na katika haya matatu lipi litapita?

MaweNaChokaa:
Waalaykum salaam. Msigonge hata msumari kwanza. Eneo lote lipo chini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa sheria ya mwaka 2010, na tangu 2000 limo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kujenga, kukarabati na kubomoa, vyote vinaombewa kibali kabla. Kusema "tunafanya ndani tu" hakukulindi, maana kuondoa dari ni kugusa mwili wa nyumba.

Kwa kuwa ni wakfu, anzia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana upate ridhaa ya maandishi. Ndipo uende Mamlaka, na swali lako la kwanza pale liwe nyumba imewekwa daraja gani, kwa sababu nyumba ya daraja la kwanza haiguswi kama ya kawaida. Andaa ramani ya kila sakafu kama ilivyo leo, mchoro mmoja wa mkato (nyumba ikionekana kama imekatwa wima) unaopita kwenye chumba kibovu, mchoro wa uso unaotazama njia, picha za kila ukuta, na orodha ya vifaa: chokaa gani, mchanga wa wapi, mti gani. Ombi lililoandikwa "matengenezo madogo" bila zaidi ni rahisi sana kukwama, kwani anayekagua hana cha kuidhinisha.

Alumini iondoe kabisa kwenye ombi. Madirisha ya mbao yanatengenezeka: kata sehemu iliyooza tu, unga kipande cha mbao ya aina ileile, bawaba zirudi zilezile.

LipuYaKale:
Nizungumzie lipu, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinapouliwa kwa nia njema. Kuta hizi hazina tabaka la kuzuia unyevu chini. Maji hupanda kutoka ardhini na hutokea usoni mwa ukuta, kwa kuwa chokaa inapumua. Ukipiga saruji unaziba njia hiyo. Unyevu haukomi, unapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea, na chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma hadi inavimba. Siku inapoanguka hutoka na uso wa jiwe, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe lenyewe. Na unyevu ukifika kwenye ncha za boriti, huziozesha pia. Angalieni kama chini hapajawahi kupigwa saruji.

Bandueni hadi kwenye jiwe, sentimita 30 hivi kupita alama ya unyevu, mkwangue viungio na kuacha ukuta ukauke kadiri inavyowezekana. Mchanganyiko ni ndoo moja ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa vizuri kwa ndoo tatu za mchanga mkali. Lowesheni ukuta kabla. Kila mkono (tabaka la lipu) usizidi milimita 10, na mkono wa pili usubiri wa kwanza ushike. Tundikeni magunia mabichi siku za mwanzo, maana lipu ya chokaa ikikaushwa na jua inapasuka nywele nywele na kugeuka unga. Mwisho pakeni maji ya chokaa, mikono mitatu hadi mitano myepesi. Rangi ya mafuta au ya plastiki itarudisha tatizo lilelile.

DariNaBoriti:
Boriti nne zimeoza, basi badilisheni nne. Boriti ndizo zinazofunga kuta zisitanuke, hivyo kuzitoa zote kwa pamoja kunauacha ukuta mrefu peke yake. Beit al Ajaib, jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 matengenezo yakiwa yanaendelea, na hakuna anayepaswa kusahau hilo. Wekeni mirunda na mbao za kubebea, na mirunda ishuke hadi ardhini, isiishie kwenye sakafu ya kati. Toeni moja, wekeni moja.

Nunueni boriti hasa, si mazio wala pau (miti ya mikoko iliyo myembamba zaidi), na ulizeni kibali cha misitu kwa sababu mikoko inalindwa. Ncha iingie ukutani sentimita 20 au zaidi, ikalie chokaa, na iachiwe nafasi ya hewa pembeni badala ya kushindiliwa saruji. Dawa ya mchwa ipakwe kwenye ncha baada ya kukata, si kabla.

Zege la nondo sitalishauri. Chumvi iliyomo ukutani hula nondo, nondo ikivimba zege linapasuka, na bapa hilo gumu halichezi pamoja na kuta laini. Pimeni pia unene wa sakafu iliyopo juu ya boriti. Mara nyingi watu wamemwaga tabaka juu ya tabaka, na kuliondoa la juu kunapunguza mzigo kuliko kazi nyingine yoyote.

MpangajiWaDarini:
Shukrani sana. Mchanga wa pwani unafaa kwa lipu?

LipuYaKale:
Haufai, una chumvi. Tafuteni wa shamba, na uoshwe ukiwa na udongo: tia kiganja kimoja ndani ya chupa ya maji, tikisa, acha saa moja. Tope likionekana tabaka nene juu ya mchanga, osha tena.

MaweNaChokaa:
Na kabla ya yote pandeni juu ya paa. Ncha nne zilizooza kwenye ukuta mmoja wa nje mara nyingi zina mchirizi uliotoboka au bomba la mvua lililoziba juu yake. Litieni hilo kwenye ombi lilelile la kibali, na litengenezwe la kwanza.