Tanga hadi Mkwaja kwa pikipiki, kwenda na kurudi siku moja: ushauri wakuu

Kijana wa Chumbageni
Habari za humu wakuu. Tuko sita, watu wa kijiwe kimoja. Jumamosi ijayo tunataka tutoke Tanga alfajiri, Pangani tuvuke na kivuko hadi Bweni, kisha tushike njia za vumbi na mchanga kupitia Ushongo hadi Mkwaja. Jioni turudi, waja leo waondoka leo. Watano tunazijua njia mbovu. Wa sita ni shemeji yangu, pikipiki kanunua mwezi uliopita, na mchanga anaoujua ni ule wa kujengea nyumba. Tena ndiye mwenye kiherehere kuliko wote. Mara ya mwisho huko kebo ya klachi ilinikatikia katikati ya mkonge, nikasukuma hadi nikaona nyota mchana. Tubebe nini, na huyu shemeji tumfanyeje?

Fundi Makorora
Kebo mpya ilaze sambamba na ya zamani, uifunge kwa vipande vya mpira. Ikikatika unahamisha ncha tu. Tyubu, viraka, plagi, spana za ekseli, pampu. Mchangani punguzeni upepo kidogo, msizidishe, tairi itateleza kwenye rimu ing'oe valvu. Mkirudi osheni cheni kwa maji baridi, chumvi haina urafiki.

Mama Wawili
Shemeji mpelekeni mchanga mkavu jioni moja kabla ya safari, aanguke akiwa karibu na kwao. Mgeni wa mchanga akiona mkia unacheza anakata mafuta, na hapo ndipo gurudumu la mbele linapojichimbia. Asogee nyuma, macho mbali, mafuta yasikatike, mikono ailegeze. Mimi nilikaza mikono siku nzima, usiku kijiko cha wali kilinishinda. Halafu asiwekwe mwisho. Kila mtu awe na wajibu kwa aliye nyuma yake: njia panda husogei mpaka akuone umekata wapi.

Mzee wa Bweni
Wanangu, kwanza ulizeni kivuko kinafunga saa ngapi, muanze kuhesabu kutoka hapo kurudi nyuma. Msije mkalala huku mkasingizia mchanga. Pili, msikate njia ufukweni. Wakati wa bamvua maji yanakuja mpaka juu, na Madete kasa wanataga, mayai yamo humo humo mchangani. Tatu, mkifika Mkwaja geuzeni. Mbele ni Saadani, na pikipiki haziruhusiwi kutalii ndani ya hifadhi za taifa. Mbung'o wapo pia, wanapenda nguo nyeusi na za buluu.

Kijana wa Chumbageni
Shikamoo mzee, nawashukuru wote. Shemeji kasoma. Mazoezi kakubali, mwisho hataki kukaa hata bila kuambiwa. Kilichomnyong'onyeza ni koti. Jana kanunua la mtumba kwa ajili ya safari hii hii, buluu tupu.