Naomba ushauri: tutapimaje athari za kuchimba mkondo wa meli kwenye nyasi za bahari?

Katibu wa BMU
Assalam alaikum. Sisi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) tumearifiwa kwamba baada ya miezi mitano mkondo wa bandari iliyo karibu na kijiji chetu, hapa pwani ya Kenya, utachimbwa uongezwe kina, na kingo zake ndizo zenye nyasi tunakotega madema (mitego) ya samaki aina ya tafi. Tungependa kupima wenyewe, lakini tuna kamba, simu na vijana sita wanaojua kuzamia, basi. Tuanzie wapi?

Mpiga Mbizi
Waalaikum salaam, katibu. Anzeni bamvua lijalo (siku za maji kujaa na kupwa sana), msingoje meli ya kuchimba. Nyosheni kamba ya mita 50, na kila mita 5 lazeni fremu ya mraba yenye upande wa sentimita 50. Kadirieni sehemu iliyofunikwa na nyasi, hesabuni machipukizi, kisha pigeni picha kutoka juu pamoja na kibao chenye tarehe. Kamba tatu kwa kila eneo zinatosha. Linalosahaulika mno ni eneo la kulinganishia, lenye kina na aina za nyasi zilezile, ambako tope halitafika. Upepo wa kusi nao huchafua maji na kung'oa nyasi kila mwaka, kwa hiyo bila eneo hilo mkandarasi atasema ni kusi, nanyi hamtakuwa na jibu.

Bi. Mwani
Naongezea: andikeni kila aina peke yake. Halophila, ile yenye vijani vidogo vya mviringo, hufa mapema ikikosa mwanga, ilhali Enhalus yenye majani marefu kama utepe huishi muda kwa akiba ya mizizi yake, na unaweza kuiona kijani huku imeshaanza kudhoofika. Mwanga upimeni kwa sahani nyeupe iliyofungwa kamba: ishusheni mpaka ipotee machoni, muandike kina hicho.

Wakili wa Pwani
Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Ombeni ripoti ya tathmini ya mazingira NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), na daftari lenu litiwe sahihi na afisa wa uvuvi kila mnapopima, si siku ya kesi.

Katibu wa BMU
Ahsanteni sana. Fremu tutaitengeneza kwa mabomba ya maji. Eneo la kulinganishia nitawauliza wazee wa madema, maana wao ndio wanaojua maji ya kupwa hulipeleka tope upande gani.