Tupeane uzoefu: tamthilia za Kihindi na sherehe za India zilizokuchosha

Ukwaju
Wakuu, za jioni. Jana nilikuwa kwa dada yangu Tabata, king'amuzi kipo kwenye tamthilia ya Kihindi iliyowekewa sauti za Kiswahili. Mama mkwe kadondosha sinia. Kamera ikamvaa usoni, ikaenda kwa mkamwana, ikaenda kwa mume, ikarudi kwa mama mkwe, kila mmoja mara tatu, na radi inapiga juu ya kila uso. Sinia lenyewe lilichukua karibu dakika nzima kutua sakafuni. Mwili ulinisisimka. Nikajiona nimerudi Pune 2012, sebuleni kwa mama mwenye nyumba wangu pale Kothrud.

Nilisoma India miaka minne. Wale watu nawapenda, walinilea. Nikiugua, mama yule alinipikia uji wa mchele na dengu bila kuombwa. Lakini mambo mawili sikuyazoea mpaka napanda ndege: tamthilia za jioni, na sikukuu zinazotangaziwa biashara mwezi mzima, halafu siku yenyewe ikifika ni makelele, moshi na foleni. Saa moja jioni mpaka saa nne, ukimwuliza mama habari ya maji ya moto anakuinulia kiganja tu bila kugeuka.

Mliosoma kule, mliopeleka wagonjwa, na mnaozitazama hapa nyumbani, karibuni. Kipi kilikuchosha?

Mama Wawili
Radi. Radi na upepo ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha.

Kifaru Mpole
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa Hyderabad 2009 hadi 2013. Wenzangu wa hosteli walikua na ile Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, iliyoanza Star Plus mwaka 2000 ikaisha 2008, zaidi ya sehemu 1,800. Walinisimulia kwamba mume, Mihir, alipouawa kwenye hadithi mwaka 2001 nchi nzima ililia, watazamaji wakaja juu, ikabidi arudishwe akiwa hai. Tangu hapo ikawa ndiyo kanuni. Mtu anakufa, anarudi na kumbukumbu imepotea, au anarudi na sura nyingine kabisa na nyie mnatakiwa mzoee. Hadithi ikikwama wanaruka miaka 20, watoto wanakuwa wakubwa, bibi yuko vilevile hana mvi.

Nilipouliza kwa nini hawamalizi, jibu lilikuwa ni hesabu. Tamthilia inarushwa siku tano au sita kwa wiki, kila wiki inapimwa imetazamwa na nyumba ngapi. Kipimo kikiwa juu, mwandishi haruhusiwi kufika mwisho. Kikishuka, harusi inavunjwa au mtu anasukumwa ngazini. Kinachoniuma ni kwamba wale waigizaji wanajua kazi. Ukiwaona kwenye igizo fupi unatokwa machozi ya kweli.

Chungwa la Muheza
Nyie hamjaona kitu. 2016, kwenye tamthilia ya Sasural Simar Ka, mwanamke mzima, mke wa mtu, amerogwa akawa NZI. Nzi kabisa, anaruka ruka jikoni na familia inamtafuta. Nilikuwa natazama na bibi wa jirani Bengaluru. Bibi akaacha kumenya vitunguu saumu, akaniangalia, akasema kwa Kihindi, "Mwanangu, hii zamani ilikuwa hadithi ya mama mkwe na mkamwana." Alikuwa amehuzunika hasa. Alikuwa ameifuata tangu ilipoanza 2011.

Mzalendo wa Kisauni
Si nzi, alikuwa nyoka.

Chungwa la Muheza
Nyoka ni Naagin, ya 2015, kituo hichohicho ila tamthilia nyingine. Usichanganye.

Mzalendo wa Kisauni
Ndugu yangu, mimi nyumbani mamangu haangalii kitu kingine. Nyoka.

Chungwa la Muheza
Mamako anaangalia Naagin. Mimi nazungumzia Simar.

Jirani Mwema
Mnawasema Wahindi kwa nzi na nyoka, na sinema zetu za majini je? Nani hapa hajaona mtu anageuka paka akiwa Sinza?

Ukwaju
Jirani, hilo lifungulie uzi wake, tutakuja.

Bi Mkunazini
Asalaam alaykum. Yangu ni ya sikukuu. Nilikaa Delhi 2015, chumba kimoja na dada aliyeolewa mwezi wa pili mwaka ule, mumewe akifanya kazi za usiku Gurgaon. Ikafika Karva Chauth, siku ambayo wake hufunga tangu alfajiri mpaka mwezi utoke, bila chakula wala tone la maji, kumwombea mume umri mrefu. Mimi nimefunga Ramadhani tangu nina miaka tisa, kiu naijua, na nia ya mtu naiheshimu. Kwa hiyo mtu asije kuniambia naidharau.

Kilichonichosha ni kilichoitangulia. Wiki tatu runinga haina lingine. Sari nyekundu, dhahabu, hina, mume anatokea juu ya paa na sanduku dogo, upepo unapeperusha shela. Kila tamthilia ilikuwa na Karva Chauth yake siku hiyohiyo, na kila mume alifika. Dada yule akanunua sari kwa mkopo. Akapaka hina mpaka viwikoni.

Saa mbili na nusu usiku tukapanda juu. Delhi kuna ukungu wa vumbi, mwezi hauonekani, tunausubiri pamoja na wanawake wa majengo ya jirani, kila mmoja na chungio lake la kuutazamia mwezi na uso wa mume, na kitaa kidogo cha samli. Mwezi ulipotoka ulikuwa mwekundu kama ganda la kitunguu. Mumewe hakupata ruhusa kazini. Akampigia simu ya picha, dada akainua chungio mbele ya simu, na mtandao ukakatika uso wa mume umegandia mdomo wazi.

Nikamnywesha maji mimi. Alilia sana, na si kwa sababu mume hakuja, maana alijua yuko kazini kwa ajili yake. Aliniambia, "Didi," yaani dada, "kwangu haikuwa kama ile." Ile ya kwenye runinga. Mamake huko kijijini alifunga miaka 30 akifungulia glasi ya maji na chapati, na hakuwahi kujiona amepungukiwa.

Mama Wawili
Dada Mkunazini umenitoa machozi. Pole yake.

Mzalendo wa Kisauni
Kwa nini mume naye asifunge?

Bi Mkunazini
Wapo wanaofunga pamoja na wake zao siku hizi. Wa kwake alifunga. Ndiyo sababu nasema mapenzi yalikuwepo, picha ndiyo iliyoharibu.

Nahodha
Huwa nasoma tu siandiki. Leo naandika kwa sababu mwenye uzi kataja Pune.

Mwishoni mwa Agosti 2014 nilimpeleka mama kufanyiwa upasuaji wa valvu ya moyo. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya nane akaruhusiwa, tukaambiwa tukae karibu wiki mbili za kumwangalia. Nikapanga chumba Sadashiv Peth, mmoja wa mitaa ya mji wa zamani inayoitwa Peth, ghorofa ya pili, kwa sababu ni bei nafuu na mama mwenye nyumba ni mpole. Hakuna aliyeniambia kuwa siku nne mbele yake ni Visarjan, siku ya kufunga Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Ganesh, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, ambapo sanamu zake zote zinapelekwa mtoni, na kwamba msafara wa Pune unapita Laxmi Road, hatua chache nyuma ya dirisha letu, na unachukua zaidi ya saa 24.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Sitaki kudanganya. Ngoma za dhol, vijana wa kike na wa kiume mamia kwa mamia wamevaa nyeupe, mama kakaa dirishani anatikisa kichwa. Akasema, "Hawa wanapiga kama watu wa kwetu."

Jioni yakaja malori ya maspika. Maspika yamepangwa kama ukuta wa nyumba, juu ya mengine, na kila kikundi cha mtaa kina lori lake na kinashindana na kilicho mbele. Glasi zikaanza kutembea kwenye rafu. Maji kwenye kikombe cha mama yakawa yanatetemeka mduara mduara. Nikafunga dirisha, nikaweka godoro dirishani, haikusaidia kitu, sauti ile inapita kwenye sakafu. Saa tatu usiku mama akaweka kiganja kwenye plasta ya kifuani akaniambia, "Mwanangu, moyo wangu unaifuata ngoma yao."

Kifaru Mpole
Mkuu, usituache hapo.

Mama Wawili
Nahodhaaa

Nahodha
Samahani, nilikuwa nampa mtoto chakula. Naendelea.

Nikapiga simu gari la wagonjwa. Wakasema barabara zote za Peth zimefungwa, mteremsheni mpaka darajani. Bajaji hakuna. Mama mwenye nyumba akaleta kiti cha plastiki cha jikoni, mwanawe akashika upande mmoja mimi upande mwingine, tukamshusha ngazi mama amekaa, amejifunga khanga, uso umekuwa wa majivu.

Kutoka mlangoni mpaka barabarani ni hatua kumi. Mbele yetu watu, sijui maelfu mangapi, hakuna pa kuingiza hata mkono. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, Kiingereza kilinipotea. Kijana mmoja wa kikundi, uso wote umejaa unga mwekundu, akageuka. Akamwona mama. Akaiona plasta. Akapiga filimbi, akawashika wenzie mikono, wakatengeneza mistari miwili, wanapaza sauti, "Side! Side!" Wapiga dhol walio karibu wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Watu wakafunguka kama pazia. Wanawake walikuwa wanamgusa mama bega tukipita, wengine wanamwombea. Tulipita kama mita 300 hivi, wale vijana wanaukimbiza mstari mbele yetu.

Lakini lori la maspika halikunyamaza. Mwenye mitambo yuko juu, hatuoni, hasikii. Tulipita chini yake. Mama alifumba macho na mimi nikaona plasta inapanda na kushuka.

Gari lilitukuta darajani. Mapigo yalikuwa yamevurugika, akalazwa siku nne tena. Mshukuruni Mungu, yuko Tanga, mwaka huu kavuna machungwa. Ila harusi yenye muziki mkubwa haendi. Na kila Septemba ananiuliza, "Wale vijana wenye uso mwekundu, hujawahi kupata habari zao?"

Mama Wawili
Siwezi kuendelea kusoma nikiwa kwenye daladala.

Bi Mkunazini
Alhamdulillah. Mfikishie mama salamu.

Jirani Mwema
Pole Nahodha. Ila mgonjwa wa moyo unampangaje kwenye njia ya msafara?

Nahodha
Ningejuaje? Mgeni, siku nane sijalala kitandani, natafuta chumba cha bei ninayoiweza. Wewe ungeuliza kalenda ya sikukuu?

Kifaru Mpole
Jirani, hiyo si haki. Omba radhi.

Jirani Mwema
Nimeuliza tu. Lakini basi, samahani kaka. Ninachosema ni kwamba kigodoro cha Dar kinapigwa mpaka alfajiri na wagonjwa wamo ndani, tusiwaseme Wahindi peke yao.

Nahodha
Sijawasema Wahindi. Wahindi ndio waliombeba mama yangu. Nasema maspika. Mama mwenye nyumba alinieleza kuwa sherehe ile Tilak, mpigania uhuru wao, aliitoa majumbani akaifanya ya hadhara mwaka 1893, watu wakusanyike mbele ya Waingereza. Mama huyo mwenyewe alikuwa na Ganesh mdogo wa udongo sebuleni, anampa maua na vitumbua vya nazi, anaimba polepole na wajukuu. Nilikaa naye siku zile za mwanzo, nikaona uzuri wake. Kule nje kila lango lilikuwa na picha za wanasiasa na matangazo ya maduka kuliko picha ya Ganesh. Sheria ipo tangu 2000, maspika saa nne usiku yazimwe, na jimbo linaweza kuongeza mpaka saa sita kwa siku chache za sikukuu. Tangu usiku ule, yule mama kila mwaka anakwenda kwa dadake na dawa zake za shinikizo la damu.

Shemeji wa Noida
Diwali, sikukuu ya taa, ni hivyohivyo. Mwanangu ana pumu. Mahakama ya Juu ya India 2018 ilisema fataki ni saa mbili hadi saa nne usiku tu. Mtaani kwetu zililia mpaka saa saba. Asubuhi jua lilikuwa la rangi ya chai, na mimi nimeshika mashine ya mvuke mdomoni kwa mtoto tangu saa kumi. Taa zenyewe za udongo kwenye kingo za madirisha ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona India.

Chungwa la Muheza
Ushauri kwa wanaokwenda: Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, jipake mafuta ya nazi mwili mzima na nywele, rangi haing'ang'anii. Na thandai, maziwa ya viungo, ya kupewa na usiyemjua usinywe, huenda humo mna bangi ya kusagwa.

Mzalendo wa Kisauni
Mimi nasema toka nje ucheze nao. Ukijifungia ndio utaumwa kichwa.

Mama Wawili
Toka wewe mwanaume. Hosteli yetu wasichana tulifungiwa geti siku nzima kwa sababu ya maputo ya maji na mikono ya watu barabarani. Tulitazama marudio ya tamthilia kutwa. Adhabu mbili.

Shemeji wa Noida
Kimbilia milimani, lakini tiketi ya treni uikate mapema. Zamani zilifunguliwa siku 120 kabla, tangu Novemba 2024 ni siku 60.

Kifaru Mpole
Na runinga, chomoa waya wa antena useme mvua.

Ukwaju
Nilijaribu. Mama yule alipanda juu ya paa mwenyewe, miaka 68.

Mgeni wa Morogoro
Wakuu nimesoma wote. Baba yangu anapelekwa Pune kwa moyo mwezi wa nane, atakaa mpaka wa tisa. Nahodha, tupange wapi?

Nahodha
Usipange Peth yoyote, hata ukipewa bure. Tafuta Baner au Aundh, hospitali utazifikia kwa gari. Vikundi vipo kila mtaa, kwa hiyo mwulize mwenye nyumba lori la maspika linasimama wapi, na uchukue chumba cha nyuma, ghorofa ya chini. Andika namba ya gari la wagonjwa mlangoni. Njoo faragha nikupe namba ya mama mwenye nyumba wangu, yeye atakutafutia.