Betri imefura imeinua kava, nataka kufungua simu mwenyewe

mwana_kisauni:
Assalam aleikum wakuu. Simu ya mamangu kava ya nyuma imeinuka upande mmoja mpaka ukucha waingia, nadhani betri imefura maana hata kioo cha mbele kimeanza kuachana na fremu. Bado yawaka na bado aitumia, wateja wake wote wa samaki wampigia humo na M-Pesa yake iko humo, kwa hivyo hataki kuiacha kwa fundi hata siku moja. Betri mpya nshanunua hapo Mwembe Tayari, bisibisi ndogo ninazo. Kwa video naona wote wapasha kava na draya ya nywele gundi ilainike alafu wapitisha kadi. Nifanye hivyo hivyo? Na nikishafungua naanza kutoa nini? Kava ni ya plastiki, kwa nje hakuna skrubu hata moja.

fundi_marikiti:
Waleikum salam. Draya weka kando kabisa, joto ni la simu ambayo betri yake ni nzima. Iliyofura ndani mna gesi, dawa ya betri imeharibika ikatoa gesi na gesi yenyewe yashika moto, ukiipasha waizidishia tu. Leo hii mwambie mama asiichaji tena, sana sana usiku pale kitandani. Na kava msiirudishe kwa kuibonyeza, watu hufanya hivyo wakafunga na raba, kumbe ndani betri yajikunja na hapo ndipo hupasuka.

Laini itoe utie kwa kabambe yoyote, M-Pesa yafanya kazi vizuri tu na mama hakosi wateja. Namba na picha hamisha kwanza. Simu iache ishuke chini ya asilimia 25 ndio uizime, betri yenye chaji kidogo hata ikileta shida moto wake ni mdogo kuliko iliyojaa.

Fungulia sakafuni kwenye tailsi au simiti, mlango wazi, si kitandani wala kwa kapeti. Mchanga mkavu kwa ndoo uwe karibu. Kwa vile kava ishaachia, huhitaji joto, tia tone la alkoholi ya aisopropili pale ukingoni (ile ya asilimia 99, si spiriti ya vidonda, ile ina maji), subiri kidogo, pitisha kipande cha kadi ya plastiki ya zamani ukikizungusha. Kiingie milimita 2 hivi basi, ukizamisha zaidi wakutana na betri. Kisu na wembe usivilete hapo kabisa.

bi_tudor:
Kabla hujavuta kava angalia sehemu ya kusoma alama ya kidole iko wapi, ikiwa nyuma basi kuna waya bapa umeshika kava na bodi (ile sahani ya saketi ndani ya simu), ukivuta kwa pupa waukata.

mwana_kisauni:
Iko kwa batani ya pembeni. Sasa kava ikitoka?

fundi_marikiti:
Utaona bamba la plastiki limefunika bodi, lina skrubu kadhaa. Ukilitoa tu, kitu cha kwanza ni konekta ya betri, yaani pale waya wa betri ulipochomekwa kwa bodi, usiguse cha kioo wala kamera kabla ya hicho. Inyanyue wima kwa kipande cha plastiki, usiivute kwa waya. Watu hudhani simu ikizimwa haina umeme, la, bodi bado yapata umeme wa betri, ncha ya bisibisi ikigusa pahali sipo kitu kinaungua na simu ambayo ilikuwa na shida ya betri pekee inakuwa na shida ya bodi, hapo gharama ni nyingine kabisa.

bi_tudor:
Na skrubu chora simu kwa karatasi, kila skrubu igandishe na tepu pale ilipotoka. Hazilingani urefu hata kama vichwa ni sawa. Ndefu ukiitia kwa tundu la fupi yatoboa bodi, njia za umeme zimepita ndani ya bodi kwa tabaka, huzioni. Hapo wengi huharibu simu wakati wa kufunga, si wakati wa kufungua.

kijana_bamburi:
Mie nshaona fundi atoboa betri kwa sindano gesi itoke inywee, ndio iwe rahisi kuitoa

fundi_marikiti:
Ndugu yangu tafadhali usimwambie mtu hivyo, kuna watoto majumbani. Ndani ya betri chanya na hasi zimetenganishwa na kitu chembamba mno, sindano ikipita hapo zagusana, joto lapanda lenyewe na huwezi kulizima, na ule moshi ni sumu usiuvute. Betri yatoka na ule uvimbe wake. Ikiwa ina utepe wa kuvutia, uvute polepole, utepe wenyewe ukiwa umelala sambamba na betri, si kuuvuta juu. Ikiwa hauna, tia matone ya alkoholi pembeni yake, ngoja dakika chache, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake kama mtu anayekata sabuni. Ikikataa ongeza alkoholi, usiikunje. Ukisikia harufu tamu tamu ya kemikali au betri ikianza kupata joto mkononi, iweke nje kwa mchanga na usogee mbali, simu ya kununua ipo.

mwana_kisauni:
Shukran sana. Hiyo ya zamani naitupa wapi, huku kwetu taka twachoma

fundi_marikiti:
Usiichome na usiitupe jaani. Konekta yake ifunge na tepu, itie kwa kopo lenye mchanga mkavu nje ya nyumba, kisha ulizia fundi anayekusanya taka za elektroniki.

Mpya kabla hujabandika kava iunganishe, washa, jaribu chaji na kioo, ndio ufunge. Gundi ni B7000, mstari mwembamba, bana na raba laini mpaka ikauke. Na mama ajue hata kama simu ilikuwa yastahimili maji sasa usitegemee hilo tena, pale kwa samaki ndoo za maji na chumvi zisiikaribie.

bi_tudor:
Mtafutie na kimfuko cha plastiki cha kuning'iniza shingoni, vile wavaavyo watu wa boti.

mwana_kisauni:
Sawa, laini nshahamisha kwa kabambe. Alkoholi ya 99 yapatikana duka la dawa ama niende kwa wauza vifaa vya simu?

fundi_marikiti:
Wauza vifaa vya simu. Duka la dawa soma kibandiko kwanza, nyingi ni asilimia 70.