Mnaikata Adolescence vipande vipande halafu mnakuja hapa kusema inaboa. Nimechoka!

Wakuu, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kila nikiingia hapa nakuta maneno yaleyale kuhusu Adolescence: inaboa, haina stori, watu wanatembea tu kwenye korido, muuaji kajulikana sehemu ya kwanza, mahakamani hatujapelekwa. Ukimbana mtu akwambie ameitazamaje, unakuta ameona vipande vya TikTok, au kashusha ile ya kutafsiriwa ambayo DJ, yule anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha, ameipunguza. Huyo hajaitazama! Lakini ndiye wa kwanza kuipa mbili kwa kumi, na mtu aliyekuwa anajiandaa kununua bando aione anaghairi kwa ajili yake.

Kwa asiyeifahamu, ni tamthilia ya Uingereza iliyotoka Netflix Machi 2025, sehemu nne tu. Mvulana wa miaka 13, Jamie Miller, anakamatwa alfajiri nyumbani kwao kwa tuhuma za kumuua Katie, msichana wa shule yao. Imeandikwa na Jack Thorne na Stephen Graham, na Graham huyohuyo anacheza Eddie, baba wa mtoto. Aliyeongoza ni Philip Barantini. Kila sehemu imepigwa kwa shoti moja tu. Kamera ikiwashwa haizimwi mpaka sehemu iishe, na hakuna mkato wowote katikati.

Sasa niambieni, kitu kilichotengenezwa bila mkato hata mmoja, wewe unakikata kwa misingi gani?

Nakala iliyosambaa kwenye magrupu ya Telegram, sehemu ya kwanza ina dakika thelathini na kitu. Ya asili inapita saa moja. Nimeziweka zote mbili nikalinganisha. Polisi wanavunja mlango, mtoto anajikojolea kitandani, na DJ anatuhamisha hapohapo hadi chumba cha mahojiano. Katikati yake ameondoa safari nzima ya gari la polisi, ambako kamera inakaa na yule mtoto na hatuna pa kukimbilia. Ameondoa kuandikishwa kaunta. Ameondoa muuguzi anayemtoa damu. Na ameondoa, hili ndilo lililoniuma kuliko yote, pale Jamie anapopekuliwa mwili akiwa amevuliwa nguo. Kamera haimwoneshi mtoto. Inabaki kwenye uso wa baba yake, aliyechaguliwa na mwanawe awe mtu mzima wa kusimama naye, na anatakiwa kusimama palepale ashuhudie. Graham hasemi karibu chochote. DJ akaona hapa hakuna kinachotokea, akafyeka.

Mkishaondoa yale, ile video ya mwisho ina maana gani tena? Mnakumbuka sehemu ya kwanza inaishia kwenye video ya kamera ya usalama ya maegesho, inayoonesha Jamie akimshambulia Katie. Polisi wanamwonesha yeye na baba yake mezani. Kwa karibu saa nzima tumekaa na huyu mtoto dakika kwa dakika, tumemwonea huruma, tumetamani polisi wawe wamekosea nyumba. Muda ule wote ambao hatukuruhusiwa kuchomoka ndio unaofanya video ile itupige. Ukimfikisha mtazamaji pale kwa njia ya mkato, kwake ni taarifa tu: kumbe kaua. Ndiyo maana mnauliza mshangao uko wapi. Umebaki kwenye zile dakika mlizozikata.

Sehemu ya tatu ndiyo msiniguse kabisa. Ni chumba kimoja, Jamie na mwanasaikolojia anayeitwa Briony, anayechezwa na Erin Doherty. Meza, sandwichi, kikombe cha chokoleti ya moto. Imepita miezi saba tangu akamatwe. Kwa dakika hamsini na kidogo mtoto huyu anabadilika mbele ya macho yako: anatania, anabembeleza, anafoka, anamwamuru mtu mzima akae chini, anarudi kuwa mtoto anayeuliza kama anapendwa. Kamera inawazunguka polepole. Kuna nyakati za kimya kizito, na kimya kile ndicho mazungumzo yenyewe, kwa sababu Briony anapima kila neno kabla ya kulitoa. Kwenye nakala ya DJ hakuna hata sekunde tatu za kimya. Anaongea yeye. Anaweka vichekesho, anamwita Briony majina, anasalimia watu wa mtaani kwake. Mwishoni, Jamie akishaondolewa kwa nguvu, Briony anabaki peke yake chumbani akijaribu kupumua, na ile sandwichi bado iko mezani. Juu ya hapo DJ anatangaza namba ya kununulia muvi mpya.

Kuna banda la video mtaani kwetu ambako mwenye banda aliisukuma mbele sehemu hii kwa rimoti, akidai wateja wanalala. Watu walikuwa wamelipa kiingilio! Nikamwambia aache iende yenyewe, akaniambia kama nataka shule niende shule. Wateja wakatoka pale wakisema tamthilia ya Wazungu haieleweki. Itaelewekaje?

Sijasema DJ wote ni wabaya. Nimekua nikisikiliza sinema za kutafsiriwa, nazijua, nazipenda, na zimewafikia wazazi wetu wasiojua Kiingereza ambao hakuna kampuni iliyowajali. Filamu ya mapigano ina nafasi ya sauti ya tatu, ya DJ. Kazi ya namna hii haina, na DJ anayejua kazi yake anaweza kutafsiri maneno ya wahusika akanyamaza pale wanaponyamaza. Si jambo gumu. Ni heshima tu.

Tuje kwa wanaosema kupiga shoti moja ni uvivu, eti wameokoa gharama ya uhariri. Mkuu mmoja ameandika kabisa kwamba hata yeye na simu yake anaweza. Sikilizeni walivyofanya. Kila sehemu ilitengewa wiki tatu. Wiki ya waigizaji kufanya mazoezi, wiki ya mafundi wa kamera, taa na sauti kupita njia yote na waigizaji, kisha wiki ya kupiga, kwa mpango wa mara mbili kwa siku. Yaani kwa mpango ni teki kumi, ingawa nyingine zilizidi hapo, na kila teki ni kupiga sehemu nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mmoja akisahau sentensi dakika ya arobaini, wote wanarudi mwanzo. Sehemu ya kwanza mliyoiona ni teki ya 2. Ya pili ni ya 13. Ya tatu ni ya 11. Ya nne ni ya 16. Mpiga picha mkuu Matthew Lewis hakubeba kamera peke yake muda wote; ilipita mkono kwa mkono, ikaingia garini na kutoka, bila mtazamaji kuhisi.

Mwisho wa sehemu ya pili kamera inatoka kumfuata mtu nje ya shule, inapanda juu, inapita angani juu ya mji, inashuka hadi pale Eddie anapokuja kuweka maua mahali Katie alipouawa, na inamkaribia usoni. Waliifunga kamera kwenye droni ikiwa inaendelea kurekodi, ikaruka, ikatua, ikafunguliwa, ikaendelea mikononi mwa mtu. Upepo ukivuma vibaya, saa nzima ya kazi ya mamia ya wanafunzi na waigizaji imekwenda na maji. Mtu aliyefanya hivyo unamwita mvivu?

Na wale wa "imeungwa kwa kompyuta", ndugu zangu, mnachanganya mambo. Filamu ya Birdman ya 2014 na ile iitwayo 1917 ya 2019 ndizo zilizoungwa: ni shoti nyingi ndefu zilizofichwa viungo vyake, na watengenezaji walisema wazi. Mwongozaji Alfred Hitchcock alificha viungo kwenye filamu yake ya Rope mwaka 1948 kwa sababu mkanda wa kamera zama zile ulikuwa ukiisha baada ya dakika kama kumi. Kwenye Adolescence, lile dirisha la darasani ambalo kijana mmoja anaruka na kamera inamfuata, kilichoongezwa kwa kompyuta ni kioo. Kamera ilipita kweli.

Kitu kimoja hakuna mkato utakaokupa. Ile sehemu ya tatu ndiyo waliyoanza kuipiga, na Owen Cooper, mtoto anayemcheza Jamie, hakuwa amewahi kufanya kazi ya uigizaji kabla ya hapo. Katika teki iliyotumika alipiga mwayo. Alikuwa amechoka kweli. Erin Doherty akamuuliza hapohapo kama anamchosha, maneno ambayo hayakuwamo kwenye skripti, na mtoto akayapokea bila kutoka kwenye uhusika. Katika upigaji wa kawaida mwayo ule ungetupwa. Hapa ulikuwa mali ya Jamie, ukampa kiburi ambacho hakuna mwandishi angekiandika. Septemba 2025 Owen akachukua tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15, mwanamume mdogo kuliko wote kuwahi kushinda tuzo hiyo kwa uigizaji. Graham, Doherty na Barantini nao wakachukua zao.

Kisha kuna kundi lililoshikilia kwamba tamthilia hii imetolewa kwenye kisa cha kweli cha Southport, Uingereza, cha Julai 2024, wasichana watatu waliouawa, halafu "wakabadilisha rangi ya mtoto", yaani ya muuaji. Uongo huu ulisambazwa sana mtandaoni na umeingia hapa kama ulivyo. Jack Thorne ameukanusha hadharani. Graham ameeleza kwamba wazo lilimjia baada ya kusikia habari za wavulana waliowachoma visu wasichana, matukio tofauti katika sehemu tofauti za Uingereza, akajiuliza kuna nini. Kiangazi kile cha 2024 walikuwa tayari kazini na skripti mkononi. Hakuna kitabu kilichogeuzwa hapa, wala jalada la polisi. Ni hadithi iliyotungwa. Mnaolalamika kwamba "wamepotosha kisa" mnalalamikia kisa ambacho hakikuwapo, na mnafanya hivyo juu ya makaburi ya watoto wa watu.

Mkitaka kuzungumzia kugeuza kazi kutoka umbo moja kwenda jingine, tuzungumzie Boiling Point, maana hapo kuna mjadala wa haki. Barantini na Graham walianza na filamu fupi, wakatengeneza filamu ndefu ya 2021, usiku mmoja katika mgahawa wa London, shoti moja mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2023 BBC wakaigeuza tamthilia ya sehemu nne. Ilianza kwa shoti ndefu kisha ikarudi kwenye mikato ya kawaida. Kwangu mimi ilipoteza nusu ya nguvu yake, ingawa mwigizaji Vinette Robinson ni mzuri mno ndani yake. Wahusika walewale, jiko lilelile, lakini sasa ukibanwa unajua mwongozaji atakutoa. Kwenye filamu hakukutoa. Waandishi wa tamthilia walitaka kutupeleka majumbani kwa wapishi, na huwezi kufanya hivyo bila kukata, nawaelewa. Ila mtu akisema ameona tamthilia hivyo haina haja ya kuona filamu, namkatalia mchana kweupe.

Nasema haya kwa sababu nimeona uzi mwingine watu wakiwaomba watengenezaji wetu wapige "Adolescence ya Bongo". Kuchukua kazi ya wengine na kuifanya yetu si dhambi, Wakenya wamefanya tamthilia ya Kina kutokana na The River ya Afrika Kusini na watu wameipokea. Lakini ninavyowajua watu wetu, watachukua kamera isiyokatwa na kuacha zile wiki mbili za mazoezi. Tamthilia zetu nyingi mwigizaji anapewa skripti asubuhi na jioni imeshapigwa. Lipeni mazoezi kwanza. Kamera itafuata.

Anayeipinga akiwa ameitazama yote, huyo namheshimu, tukutane hapa chini tubishane. Hata mimi naona katikati ya sehemu ya pili, kule shuleni, kuna matembezi ambayo kazi yake ni kuisafirisha kamera tu. Na dada mmoja aliandika hapa kwamba Katie, aliyeuawa, hatumjui, na kwamba kamera inayomng'ang'ania Jamie imemfuta yule binti. Hoja nzito sana hiyo. Ndani ya tamthilia yenyewe yule askari wa kike, Frank, anailalamikia: kila mtu atamkumbuka Jamie, hakuna atakayemkumbuka Katie. Sina uhakika kulisema tu kunatosha. Lakini dada yule aliiona mwanzo hadi mwisho, ndiyo maana alikuwa na cha kusema.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno chini ya uzi huu, angalia muda wa faili lako. Sehemu ya kwanza kama dakika 65, ya pili 51, ya tatu 52, ya nne 60. Pungufu ya hapo umeuziwa mabaki, mdai aliyekuuzia. Na nyie DJ, najua mnasoma humu: mkikata kazi ya mtu, andikeni kwenye jalada kwamba mmekata na mmekata dakika ngapi, mteja achague mwenyewe.